Kabla hujatolewa mfuko wa nyongo: mambo ya kuzingatia

Ikiwa umeambiwa una mawe kwenye mfuko wa nyongo na umepangiwa tarehe ya upasuaji, soma haya mapema, na umpe ndugu atakayekusindikiza ayasome pia, kwa sababu lililo kubwa kuliko yote litaamuliwa wewe ukiwa bado kwenye nusukaputi.

Usile wala usinywe kuanzia saa uliyoelekezwa. Mtajie daktari dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda na za kisukari. Hakikisha bima imeridhia upasuaji kabla ya siku yenyewe. Tafuta ndugu wawili walio tayari kutoa damu.

Majibu ya ultrasaundi yasikuishie kwenye neno "mawe". Uliza ukuta wa mfuko ukoje: je, umenenepa upande mmoja, una kinyama kilichoota ndani chenye milimita 10 au zaidi, au umeota chokaa? Uliza pia kama kuna jiwe linalozidi sentimita 3. Likiwapo lolote kati ya hayo, au ikiwa umepungua uzito bila sababu, omba kipimo cha CT kabla ya kisu, na uombe kupasuliwa mahali penye daktari anayeweza kupasua ini. Wagonjwa wengi wa saratani ya mfuko wa nyongo huwa na mawe pia, na maumivu ya mawe ndiyo yanayoificha. Usiligeuze hilo kuwa hofu, kwa maana walio wengi kabisa kati ya wenye mawe hawaipati saratani hii maisha yao yote.

Sasa nifike kwenye lile lililotugharimu.

Mama yangu mdogo alikuwa na miaka 58. Kila alipokula vya mafuta, maumivu yalimshika chini ya mbavu za kulia, na kwa miaka mingi aliyaita vidonda vya tumbo, kama wafanyavyo wengi. Upasuaji ulikwenda vizuri. Muuguzi alitoka na bakuli la chuma, akatuonyesha mfuko uliochanwa kwa urefu na mawe yaliyokuwa ndani yake: kumi na moja, ya kahawia iliyofifia, yenye pande bapa kwa jinsi yalivyosuguana. Sote tulikuwa tunatazama mawe. Mimi niliona vilevile kwamba upande mmoja wa mfuko ule ulikuwa mnene, mweupe na mgumu, ilhali upande wa pili ulikuwa mwembamba na laini, lakini sikujua kwamba hilo ni jambo la kuuliza. Muuguzi akasema, "Mnachukua, au tutupe?" Baba mdogo akajibu kwamba mawe tutachukua, mfuko wautupe.

Mawe yakatiwa kwenye kichupa, na kichupa kikakaa juu ya kabati la vyombo sebuleni, wageni wakionyeshwa. Mwezi wa nane baada ya upasuaji mama mdogo akaanza kujikuna usiku kucha. Mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikapauka, na macho yakawa ya njano. Katika hospitali ya pili, daktari aliyetupokea hakuanza kwa kumshika tumbo. Alimwamkia, akamsomea faili, kisha akauliza, "Mama, majibu ya kile kinyama yako wapi?" Baba mdogo akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kichupa cha mawe. Daktari akakipokea, akakigeuza mara moja, akakirudisha mezani bila kusema neno.

Saratani ilikuwa imeingia kwenye ini na kwenye tezi za limfu za jirani, ikaziba mrija wa nyongo. Aliwekewa mrija mwembamba wa kupitisha nyongo, muwasho ukatulia, akapata usingizi. Tulimzika miezi mitatu baadaye. Katika hospitali ya kwanza hakuna aliyetuambia kwamba mfuko ule ulipaswa kwenda maabara, na sisi hatukuuliza.

Ndiyo maana nasisitiza: kila mfuko wa nyongo unaotolewa usomwe na mtaalamu wa patholojia, yaani daktari wa maabara anayechunguza vinyama kwa hadubini, hata kama daktari ameridhika kwa macho. Mara nyingi saratani hii hugunduliwa hivyohivyo, baada ya mtu kupasuliwa kwa ajili ya mawe. Ikikutwa ingali kwenye utando wa ndani tu, kuutoa mfuko peke yake kwa kawaida kunatosha, na wengi sana wanaishi. Ikiwa imefika kwenye msuli wa ukuta au imeupita, mgonjwa anayemudu hurudishwa kupasuliwa tena ndani ya wiki chache, akaondolewa kipande cha ini kinachogusana na mfuko pamoja na tezi za jirani. Nchini Marekani, ambako hesabu za wagonjwa zimetunzwa kwa miongo mingi, ukiwajumlisha wote ni takribani 1 kati ya 5 anayefikisha miaka 5 tangu kugunduliwa. Ambao saratani haijatoka nje ya mfuko ni takribani 2 kati ya 3, na ambao imesambaa mbali ni takribani 3 kati ya 100. Ugonjwa ni uleule. Kinachotofautisha makundi hayo kwa sehemu kubwa ni siku ulipoonekana.

Tazama Chile, mojawapo ya nchi zenye viwango vya juu kabisa duniani vya saratani hii, hasa kusini, kwenye mkoa wa Araucanía wanakoishi Wamapuche wengi, wenyeji wa asili wa huko, na hasa kwa wanawake. Katika miaka ya 1980 upasuaji wa mfuko wa nyongo ulipungua nchini humo, na vifo vikapanda. Tangu 2006 upasuaji wa kinga kwa wenye mawe walio na umri wa miaka 35 hadi 49 umekuwa miongoni mwa huduma ambazo sheria inamhakikishia mwananchi, na katika miongo ya karibuni vifo vya wanawake kwa saratani hii vimekuwa vikishuka. Sisemi kila mwenye mawe akimbilie kisu. Chile iliamua hivyo kwa sababu ya ukubwa wa hatari ya kwake, na kwingineko mawe yasiyosumbua kwa kawaida huachwa. Ninachosema ni kwamba nchi ile iliweza kuamua kwa sababu ilikuwa na hesabu.

Mama mdogo hayumo kwenye hesabu yoyote. Cheti chake kimeandikwa ugonjwa wa ini. Rejista za saratani, ikiwemo ya Kampala iliyoanza miaka ya 1950, hutegemea sana majibu ya maabara za patholojia, kwa hiyo mahali ambapo mifuko inatupwa, idadi itakuwa ndogo mwaka hadi mwaka, na hakuna atakayejua kama ugonjwa ni haba au ni kwamba haukutazamwa. Jambo hili linaniuma mpaka leo.

Basi, siku moja kabla ya upasuaji, muulize daktari kwa maneno haya: "Mfuko utapelekwa patholojia?" Uliza gharama na uitenge kando, isiguswe kwa nauli wala chakula. Ndugu akikabidhiwa kopo alipeleke mwenyewe, ahakikishe mfuko umezama wote kwenye fomalini, ile dawa ya maji ya kuuhifadhi usioze, kopo lina jina kamili na tarehe, na fomu inaeleza umri na kilichoonekana wakati wa upasuaji. Aandike siku ya kufuata majibu. Majibu yakitoka, yasomwe na daktari mbele yako, nawe ubaki na nakala.

Faili lote libaki nyumbani mahali pakavu, wala usimwachie mtu mmoja tu ajue lilipo. Usinywe mafuta na ndimu "kusafisha nyongo": yale madonge ya kijani yanayotoka chooni ni mafuta hayohayo yaliyogeuka kama sabuni tumboni, na mawe yanabaki palepale. Maumivu ya juu ya tumbo yanayorudi kila mara yasitibiwe kwa dawa za vidonda vya tumbo mwaka mzima bila ultrasaundi. Na macho yakianza kuwa ya njano wakati wowote, iwe mwezi mmoja au miaka miwili baada ya upasuaji, usingoje siku yako ya kliniki.