Kununua DSLR kongwe ya fulu-fremu na kuiweka sawa, hatua kwa hatua

Maswali ninayopokea siku hizi yanafanana. Mtu ameona DSLR (kamera ya kidijitali yenye kioo cha ndani kinachopeleka mwanga wa lenzi kwenye dirisha la kuchungulia) kama Canon 5D au Nikon D700 inauzwa, bei imeshuka kweli, naye anataka kujua kama kamera ya mwaka 2005 au 2008 bado inafaa kwa kazi. Inafaa. Sensa yake, kipande kinachonasa picha, ina milimita 36 kwa 24, sawa na fremu ya filamu ya milimita 35 (ndiyo maana ya fulu-fremu), na ukubwa huo haupungui kwa umri. Lenzi ya milimita 50 ikifunguliwa tundu hadi f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana), mandhari ya nyuma huyeyuka kwa namna ambayo sensa ndogo haiifikii. Dirisha la kuchungulia ni pana, na unachokiona humo ni mwanga wenyewe uliopita kwenye lenzi, bila skrini katikati na bila kuchelewa. Lenzi nazo zimejaa sokoni kwa sababu watu wengi wamehamia kamera zisizo na kioo cha ndani.

Kinachochakaa ni mashine: shata (mapazia yanayofunguka kupitisha mwanga hadi kwenye sensa), kioo, mpira, pini. Nimetoka kumsaidia rafiki kununua na kuandaa bodi (kamera bila lenzi) ya namna hii, nikaona afadhali niandike yote mahali pamoja.

Hatua ya 1: Chagua bodi

Kama huna lenzi za kampuni yoyote bado, chukua Nikon D700. Ilitoka 2008 ikiwa na sensa ya megapikseli 12.1 iliyotoka kwenye D3 ya 2007. Kila pikseli ina upana wa maikromita 8.45, na ndiyo maana picha zake za ISO 3200, yaani za mwanga hafifu, bado zinachapika vizuri. Ina pointi 51 za fokasi, na bodi yake imejengwa kwa kazi ngumu.

Canon 5D ya kwanza, ya 2005, ina megapikseli 12.8. Wapiga picha za watu wanaipenda kwa jinsi inavyotoa rangi ya ngozi, nami nawaunga mkono kabisa. Lakini ujue unachonunua: huwezi kutazamia kwa skrini ya nyuma kabla ya kupiga, haina mfumo wa kujitikisa vumbi kwenye sensa, na ISO yake huishia 1600, au 3200 ukiifungulia kwenye menyu. 5D Mark II ya 2008, yenye megapikseli 21.1, inayo yote hayo na video juu yake. Ndiyo iliyopiga picha rasmi ya Barack Obama ya Januari 2009, picha rasmi ya kwanza ya rais wa Marekani kupigwa kwa kamera ya kidijitali. Canon 6D ya 2012 ni nyepesi zaidi, na pointi yake ya katikati hushika fokasi kwenye giza ambalo 5D zote mbili hukwama.

Wasiwasi wa megapikseli uache. Faili ya D700 ina pikseli 4256 kwa 2832. Ukiichapisha kwa nukta 300 kwa inchi unapata karatasi ya sentimita 36 kwa 24, na picha nyingi hazifiki hata huko.

Tahadhari moja hapa: Nikon D600 ya 2012 ilijulikana kwa vidoa vilivyokuwa vikirudi kwenye sensa, hasa upande wa juu kushoto wa picha. Nikon ilitoa D610 mwaka 2013, na baadaye ikawabadilishia shata bure wenye D600. Ukiuziwa D600, uliza kama ilibadilishwa shata. Jibu lisipoeleweka, tafuta nyingine.

Hatua ya 2: Ikague kabla ya kulipa

Anza na idadi ya mibonyezo ya shata. Nikon huiandika ndani ya kila picha, kwa hiyo omba faili iliyotoka moja kwa moja kwenye kadi, isiyopitia programu ya kuhariri wala kutumwa kwa programu ya ujumbe, kisha ifungue kwa ExifTool, programu ya kusoma taarifa zilizo ndani ya faili ya picha. Canon 5D na 5D Mark II haziandiki namba hiyo ndani ya picha. Namba ya jina la faili isikudanganye, maana huanza upya baada ya 9999.

Shata ya 5D ilipimwa kwa mibonyezo 100,000, za D700 na 5D Mark II kwa 150,000. Hicho ni kipimo cha kiwanda, si tarehe ya kufa. Zipo zinazopita mbali na zipo zinazokufa mapema. Mimi huamini zaidi jaribio hili: piga ukuta mweupe kwa kasi ya mwisho kabisa ya shata, kisha upige tena kwa kasi ya kati, ukirekebisha ISO au tundu la lenzi ili mwanga uwe uleule. Picha ya kasi ya juu ikiwa na mkanda wa giza upande mmoja, mapazia ya shata yamechoka.

Kwenye 5D ya kwanza, toa lenzi utazame kioo cha ndani, kile kinachoruka juu kila unapobonyeza. Gundi yake ilikuwa na udhaifu unaojulikana, na kwenye baadhi ya kamera kioo kilibanduka chenyewe. Canon ilikuwa ikizirekebisha bure wakati ule. Iliyokwisha kurekebishwa ina vishikio vidogo pembeni mwa kioo, na hiyo ndiyo ya kununua.

Kisha mulika tochi ndani ya nafasi ya kadi. Kadi ya CF (CompactFlash), inayotumika kwenye 5D, 5D Mark II na D700, huingia kwenye pini 50 nyembamba, na moja ikipinda kamera haitaisoma kadi. Kagua mpira wa kushikia, hasa kwenye Nikon, kwa sababu hutanuka, hunata na kubanduka. Huo hubandikwa mwingine, hivyo ni sababu ya kupunguziwa bei, si ya kukataa. Bonyeza kila kitufe. Washa flashi juu yake.

Hatua ya 3: Betri na kadi

Nunua betri mbili mpya. BP-511A kwa 5D, EN-EL3e kwa D700, LP-E6 kwa 5D Mark II na 6D. Saa ikijirudisha nyuma kila ukitoa betri kwenye 5D, badilisha kibetri cha sarafu CR2016 kilicho ndani.

Kwa 5D, 5D Mark II na D700 kadi iwe CF halisi; 6D hutumia kadi ya SD. Adapta za kutia kadi ya SD kwenye nafasi ya CF sizitumii kamwe, na sikushauri. Ingiza kadi ikiwa imenyooka, na ikikataa usiisukume.

Hatua ya 4: Sensa

Hii ndiyo hatua iliyowahi kunila mchana mzima, kwa hiyo nitaieleza taratibu.

Kwanza jua kama una tatizo. Weka f/16, ISO ya chini, fokasi ya mkono iliyopelekwa mpaka mbali kabisa, kisha ulenge ukuta mweupe ulio karibu. Tumia shata ya polepole na usogeze kamera huku na huku wakati inapiga. Alama za ukuta zitafutika, za sensa zitabaki palepale. Fungua picha kwenye kompyuta, ongeza kontrasti, uitazame kona hadi kona.

Vidoa huonekana f/16 na kupotea f/2.8 kwa sababu vumbi halikai juu ya sensa yenyewe, bali juu ya kioo cha kichujio kilicho mbele yake. Tundu la lenzi likiwa pana, mwanga hufika kutoka pembe nyingi na kivuli cha vumbi husambaa mpaka kikaisha. Likiwa dogo, mwanga huja kwa pembe finyu na kivuli hujichora wazi. Kwa hiyo kama kazi yako yote ni picha za watu kwa f/2 au f/2.8, unaweza kuwa na vidoa kumi na usivione maisha yako yote. Iache sensa. Anayepiga mandhari au bidhaa kwa f/11 ndiye mwenye sababu ya kuendelea.

Pili, tenganisha uchafu wa sensa na uchafu wa dirisha. Kitu unachokiona ukichungulia lakini hakitokei kwenye picha kiko juu ya skrini ya fokasi (bamba unaloliona ukichungulia) au kwenye kioo kinachoruka. Hakiharibu chochote. Skrini ya fokasi ni plastiki laini, na kioo kile kimepakwa fedha upande wa mbele. Kitambaa chochote hukwaruza vyote viwili. Vipulizie kwa pampu ya mpira, basi. Nimeona kamera nzuri zikipoteza dirisha lake safi kwa sababu ya punje ambayo haikuwa na madhara yoyote.

Tatu, jua kidoa kiko wapi. Lenzi hugeuza taswira, kwa hiyo ukiikabili kamera na tundu lake la lenzi likikutazama, kidoa cha juu kwenye picha kiko chini ya sensa. Lakini kushoto hubaki kushoto. Watu wengi hugeuza vyote viwili na kusafisha kona isiyo na kitu.

Nne, puliza. Betri iwe imejaa. Ikiwa imeshuka, Nikon hukuzuia kuinua kioo. Tumia amri ya kusafisha sensa iliyo kwenye menyu, kamwe usitumie shata ya muda mrefu kama njia ya mkato, kwa sababu ikijifunga ukiwa na kitu ndani mapazia yanapasuka. Inamisha kamera uso ukitazama chini, pulizia kwa pampu ya mpira bila ncha kugusa kitu, zima, kisha upige tena picha ya ukuta. Usipulizie kwa mdomo, mate yatafika. Makopo ya hewa iliyoshindiliwa nayo yaache dukani, kwani hutema kimiminika kinachoganda juu ya kichujio. Kwa vumbi kavu, hapa kazi huwa imekwisha.

Tano, kama vidoa vimebaki, huenda ni grisi. Vumbi huwa na umbo la hovyo au la uzi. Grisi huacha viduara vyenye katikati hafifu. Kwa hiyo unahitaji vijiti vya kufutia sensa vyenye upana wa milimita 24, vinavyolingana na kimo cha sensa, na kimiminika cha methanoli kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Weka matone mawili kwenye ncha, subiri kidogo yanyonywe, kisha futa mara moja kutoka ukingo hadi ukingo kwa uzito mdogo sana wa mkono. Geuza upande wa pili wa kijiti, urudi. Tupa kijiti.

Na hapa ndipo mchana wangu ulipokwenda. Ukimaliza mfuto wa kwanza na kupiga picha ya ukuta, mara nyingi utaona hali imekuwa mbaya zaidi, michirizi na vidoa vipya katikati. Hujaiharibu kamera. Kuna mafuta kwenye fremu inayozunguka sensa, na kijiti kikigusa ukingo huyazoa na kuyapaka katikati. Jibu si kukandamiza wala kuongeza kimiminika. Chukua kijiti kipya na uanze ndani kidogo ya ukingo, ukiinua ncha kabla ya kugonga fremu ya upande wa pili. Kingo zishughulikiwe mwisho, kwa kijiti chake peke yake, na kijiti hicho kisirudi katikati. Kila baada ya mfuto piga picha ya ukuta, maana macho pekee hayatoshi kuona michirizi.

Ujue pia pa kuacha. Picha ya f/16 ikiwa safi, funga kamera. Kuitafuta f/22 isiyo na hata nukta moja ni kuiongezea sensa mifuto isiyo na faida. Na vidoa vya duara vikirudi baada ya mibonyezo mia chache, vinatoka kwenye shata. Hiyo ni kazi ya fundi, kufuta hakutasaidia.

Hatua ya 5: Lenzi

Anza na milimita 50 f/1.8. Lenzi za EF-S, zile za Canon zenye sensa ndogo, hazikai kwenye Canon hizi. Lenzi za DX, zile za Nikon zenye sensa ndogo, hukaa kwenye D700, lakini kamera hukata picha hadi takriban megapikseli 5.

D700 ina mota ya fokasi ndani ya bodi, hivyo lenzi za AF-D, ambazo hazina mota yao, hufanya kazi kikamilifu, na lenzi za AI, za zamani za kufokasi kwa mkono, hupima mwanga ukiingiza urefu wa fokasi (milimita zake) na f yake kwenye menyu. Zile za kabla ya AI ambazo hazijafanyiwa marekebisho usizipachike, zinaweza kuvunja kipimo kilicho kwenye duara la kupachikia. Lenzi za skrubu za M42 ni za Canon: kwa adapta nyembamba hufikia fokasi ya mbali bila kioo cha ziada, jambo ambalo Nikon hairuhusu. Kwa hizo, kwenye 5D badilisha skrini ya fokasi iwe Ee-S, inayorahisisha kufokasi kwa mkono, na uitangaze kwenye menyu ili upimaji wa mwanga usipotoke. Kwenye fulu-fremu kitako cha baadhi ya lenzi za M42 hugonga kioo kinachoruka, hivyo jaribu mara ya kwanza taratibu.

Hatua ya 6: Mwanga na fokasi

Piga RAW, yaani faili ghafi ya kamera. Pima mwanga vizuri papo hapo, kwa sababu ukiinua sana vivuli vya 5D Mark II kwenye kompyuta hutoka mistari. Skrini ya 5D usiiamini kwa rangi wala ukali, tazama histogramu, grafu ya mwanga wa picha.

Kwa fokasi, kwenye Canon hizi tumia pointi ya katikati, ndiyo yenye nguvu. D700, 5D Mark II na 6D zina marekebisho ya fokasi ya hadi 20 mbele au nyuma kwa kila lenzi. Weka kamera kwenye tripodi, lenga maandishi yaliyobandikwa ukutani kwa f iliyo wazi kabisa, linganisha na fokasi ya skrini ya nyuma, na usogeze namba tano tano mpaka zikubaliane. 5D ya kwanza haina marekebisho hayo, kwa hiyo nenda na bodi yako dukani na uijaribu kila lenzi juu yake kabla hujailipia.