Klachi ya tuktuk ikiwa nzito, usikimbilie kupasua injini

Tuktuk ya petroli yenye injini nyuma ina kasoro ya kuzaliwa nayo: mkono wa klachi uko mbele, klachi yenyewe iko nyuma, na kati yao kuna kebo ndefu inayopita chini ya sakafu. Pale inapojipinda chini kabisa ndipo tairi la mbele linaporusha maji ya vidimbwi. Halafu jioni gari linaoshwa kwa maji ya kisima, na visima vingi vya kisiwani Mombasa ni vya chumvi. Waya unaota kutu ndani ya ganda, nje huoni kitu.

Kwanza hakikisha kosa ni la kebo. Zima injini, fungua kebo upande wa nyuma, kisha sukuma kwa mkono kile kichuma ilichokuwa ikikivuta. Kikirudi chenyewe kwa springi bila kukwama, injini haina neno. Sasa vuta waya mbele na nyuma. Ukikwaruza kama una mchanga, umekwisha. Chungulia pia kichwa cha waya kule mbele. Hata uzi mmoja ukiwa umekatika, nunua kebo mpya. Kuchomelea ni kujitafutia kulala njiani.

Usichomoe ya zamani hivi hivi. Funga kamba ya nailoni ya kama mita 3 kwenye ncha yake ya mbele, uivute kwa nyuma. Kamba itabaki imeshika njia, nayo ndiyo itakayovuta kebo mpya.

Kebo mpya isiyo na bomba la plastiki ndani inataka oili kabla ya kufungwa. Ining'inize. Kata ncha ya kidole cha glavu ya mpira, ukifunge juu kama faneli, umimine kijiko kimoja cha oili ya injini, usubiri itone chini. Girisi usitie, inashika mchanga.

Hapa ndipo unapomsahihisha aliyebuni gari. Pitisha kebo juu ya ubavu wa chesi (fremu ya gari) ili kile kipindo kisiwe chini kuliko vyote, mbali na ekzosi, bila kona kali. Vibanio vya plastiki usivikaze. Geuza hendeli kushoto na kulia mpaka mwisho: mkono wa klachi ukikaza upande mmoja, kebo imebanwa mahali.

Acha mchezo (ulegevu kabla mkono haujaanza kuvuta kebo) wa milimita 2 hadi 3 kwenye shina la mkono wa klachi. Usipokuwepo, pleti zinateleza na kuungua. Ukizidi, gia zinalia ukiingiza namba moja. Rekebisha kwa nati za nyuma, ile ya mbele iache katikati ibaki nafasi ya kukaza, maana kebo mpya hulegea siku za mwanzo.

Kebo mbili za gia ziache zilipo. Ukizichanganya, ukipandisha gia itashuka.