Kusanifu Jukwaa la Mtandaoni la Majirani: Kuanzia Mpaka hadi Mtaa wa Pili

Jukwaa la mtaa huuawa na ukimya kabla halijauawa na ugomvi. Mtu anajisajili, anafungua, anakuta tangazo moja la wiki tatu zilizopita, anafunga na harudi tena. Ndiyo maana kabla ya nembo, rangi au hata jina, kila uamuzi wa usanifu upimwe kwa swali hili: mtu akifungua leo, atakuta kitu kipya kinachomhusu, kilichoandikwa na mtu anayekaa karibu naye? Kipengele kisichosaidia hapo kiache kwanza, hata kama kinapendeza.

Mpaka kwanza, programu baadaye

Majukwaa mengine huwakusanya watu kwa wanachokipenda. Hili linawakusanya kwa mahali wanapolala. Ukichora mpaka mpana mno, taarifa ya bomba lililopasuka upande mmoja inakuwa kelele kwa watu wa upande wa pili. Ukiuchora mwembamba mno, hapatikani wa kuandika.

Hesabu ya kuanzia si ngumu. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alieleza uwiano unaotajwa hadi leo: katika watumiaji 100, takribani 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 ndiye mwandishi hasa. Majirani wanaweza kuwa wachangamfu kuliko hapo, lakini panga kwa hali mbaya. Chukua wanachama 300. Waandishi hasa ni 3; kila mmoja akiweka machapisho mawili kwa wiki, ni kama 24 kwa mwezi. Wachangiaji ni 27. Kila mmoja akiandika mara moja au mbili, ni 27 hadi 54. Jumla inacheza kati ya 50 na 80, yaani mawili hivi kwa siku, na hicho ndicho kiwango cha chini cha jukwaa lenye uhai. Kwa wanachama 30, hesabu hiyohiyo inatoa matano hadi manane kwa mwezi mzima, na hapo skrini ipambwe isipambwe, hakuna atakayerudi. Ukitarajia kaya moja kati ya tatu ijiunge, basi eneo lako liwe na kaya 900 hivi.

Usichore duara kutoka katikati ya ramani. Duara halijui mto, reli wala barabara kuu, na watu waliotenganishwa na barabara ya njia nne mara nyingi hawajuani hata kama nyumba zao zimeachana mita 80 tu. Chapa kwenye karatasi ramani ya OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, wape wakazi kumi kalamu, kila mmoja achore mtaa wake unapoishia. Mistari inapopandana ndipo mpaka ulipo. Inapotawanyika, acha kaya za ukanda huo zichague upande, na ziruhusiwe kusoma pande zote mbili. Kisha hifadhi mpaka kama poligoni, yaani umbo lililofungwa lenye pembe nyingi, kwenye hifadhidata inayoelewa ramani. PostgreSQL yenye kiongezi cha PostGIS inatosha kabisa. Kazi ya mfumo inabaki moja: kuangalia kama nukta ya nyumba iko ndani au nje.

Nani anaishi hapa kweli?

Msimbo wa SMS unathibitisha simu, hauthibitishi makazi. Hili husahaulika sana. Nextdoor, jukwaa la majirani lililoanza Marekani mwaka 2011, ilituma kadi ya posta yenye msimbo hadi kwenye anwani ya mtu. Njia hiyo ni imara pale tu posta inapofika mlangoni. Pasipo na anwani za kuaminika, tumia udhamini: mwanachama mpya athibitishwe na majirani wawili walio ndani tayari. Mpe kila mwanachama mialiko 5, si zaidi, na mfumo uhifadhi nani alimwalika nani. Siku akaunti sita za matapeli zikijitokeza, utaufuata mti wa mialiko na kukuta zote zimetoka tawi moja.

Msimbo wa SMS wenyewe uwe na tarakimu 6, uishe baada ya dakika 10, na uruhusu majaribio 5. Weka sekunde 60 kati ya ombi moja la msimbo na jingine, pia kikomo cha siku kwa kila namba na kwa kila anwani ya intaneti. Bila vikomo hivyo, wahuni huomba msimbo maelfu ya mara kwenda kwenye namba za nje wanazonufaika nazo, na bili ya SMS inakuja kwako. Tena, kampuni za simu hugawa upya namba zilizoachwa. Akaunti iliyolala miezi 6 ithibitishwe tena kabla ya kufunguliwa, la sivyo mgeni aliyenunua laini atarithi akaunti ya jirani.

Kiasi cha kujua kuhusu mtu

Latitudo na longitudo zenye tarakimu nne baada ya nukta zinaonyesha mahali kwa usahihi wa mita 11 hivi: huo ni mlango wa mtu. Tarakimu tatu ni mita 110: hiyo ni sehemu ya mtaa. Kwa hiyo chukua nukta kamili mara moja tu wakati wa kujiunga, iulize poligoni, andika jina la eneo, kisha ifute nukta. Ramani ya matukio ionyeshe tarakimu tatu. Kinachobaki kwenye hifadhidata ndicho kitakachoibiwa siku ya wizi.

Picha nazo husema siri. Faili iliyotoka kwenye simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa. Ondoa taarifa hizo palepale inapopakiwa, na uipunguze hadi upana wa pikseli 1200 ikiwa bado ndani ya simu ya mtumaji, kabla haijala bando lake. Jina la kuonyesha liwe jina halisi pamoja na mtaa, bila namba ya nyumba. Majina ya bandia hufaa kwenye mada nyingine. Kwa majirani huleta kutupiana maneno gizani.

Vyumba vichache

Anza na aina nne tu za machapisho: taarifa, ombi, vitu vya kutoa au kuuza, na tukio lenye tarehe. Kishawishi cha kufungua makundi kumi na tano ni kikubwa, ila kila chumba kitupu ni bango linalosema hapa hakuna mtu. Chumba kipya kifunguliwe pale ambapo mada moja imejaza cha zamani hadi watu wanalalamika.

Mkondo wa machapisho upangwe kwa muda, jipya juu. Kwa machapisho mawili kwa siku hakuna cha kuchagulia watu kwa kanuni za siri, na ukijaribu, jirani atakosa taarifa ya kukatwa maji kisa mfumo uliona paka aliyepotea anapendwa zaidi.

Arifa ndizo zinazorudisha watu, na ndizo zinazowafukuza. Tuma muhtasari mmoja kwa siku, saa ileile, wenye vichwa vya habari na mistari miwili ya kila chapisho. Siku isiyo na jipya usitume kitu. Front Porch Forum ya jimbo la Vermont, Marekani, imeendeshwa kwa mtindo huu tangu mwaka 2006: machapisho ya majirani hukusanywa na kutumwa kwa barua pepe, watu hutumia majina halisi, na wafanyakazi husoma kila chapisho kabla halijatoka. Ucheleweshaji huo una faida. Anayejua kwamba jibu lake litasomwa kesho huandika kwa kichwa kilichopoa. Dharura tu ndiyo iruke foleni, na kitufe chake kiwe mikononi mwa wasimamizi.

Ukituma muhtasari au dharura kwa SMS, angalia herufi. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 za kawaida. Ikiingia emoji moja, au alama moja ya nukuu iliyopinda ambayo programu ya kuandikia huiweka yenyewe, kikomo kinashuka hadi 70, na ujumbe ukigawanyika kila kipande kinabeba 67. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja umekuwa tatu. Ukiwatumia wanachama 300, umelipia 900 kwa sababu ya alama isiyoonekana. Weka kichujio kinachobadilisha alama hizo kabla ya kutuma.

Chombo chenyewe

Anza na tovuti inayofunguka vizuri kwenye simu, si programu ya kupakua. Kila hatua kati ya mwaliko na chapisho la kwanza inapunguza watu, na kupakua ni hatua nzito kwa mwenye simu iliyojaa. Usiandike programu yote upya pia. Discourse ni programu huria inayofaa mijadala. Ushahidi, iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 kufuatia ghasia za baada ya uchaguzi, inafaa ripoti za kwenye ramani. Nguvu zako zielekeze kwenye mpaka, uthibitisho na muhtasari, kwa kuwa hapo ndipo programu za jumla hupwaya.

Maandishi yawe na utofauti wa mwanga usiopungua 4.5 kwa 1 dhidi ya mandharinyuma. Kijivu chepesi juu ya nyeupe hakisomeki juani. WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka vitufe visipungue pikseli 24 kila upande, lakini 44 ndiyo saizi ambayo kidole cha mzee hakikosi. Nakala rudufu ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya seva yako, na mara moja kwa mwezi jaribu kuirejesha.

Fomu ya usalama

Hapa ndipo jukwaa la majirani huharibika haraka kuliko kwingine. Ukiacha kisanduku kitupu chenye neno "Usalama", utapata hiki: "Kuna mtu wa ajabu anazunguka, kuweni macho." Hakuna tendo, hakuna saa, na mwenye sura ngeni atasumbuliwa na mtaa mzima. Nextdoor ilibadilisha fomu yake mwaka 2016 baada ya malalamiko kwamba watu waliripotiwa kwa rangi ya ngozi tu.

Fomu yako iulize kwa mpangilio huu: Umeona tendo gani? Saa ngapi, sehemu gani? Tendo hilo limekwisha au linaendelea? Mamlaka husika zimeshaarifiwa? Maelezo ya mtu yaje mwisho, na yasikubaliwe bila mavazi au kitu alichobeba. Kisanduku cha tendo kikiwa kitupu, kitufe cha kutuma kisiwake. Andiko lilelile likipita kwenye fomu hii, ama litatoka hivi: "Saa 2 usiku mtu mwenye koti la kijani alijaribu vitasa vya magari matatu karibu na uwanja, akaondoka", au mwandishi atagundua hana la kuripoti. Matokeo yote mawili ni mazuri.

Wasimamizi na ngazi ya adhabu

Kila eneo liwe na wasimamizi watatu au watano, idadi isiyogawanyika kwa mbili, ili kura isikwame. Elinor Ostrom, mshindi wa Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zinazotunza mali ya pamoja na kukuta kwamba zinazodumu huadhibu kwa ngazi, si kwa pigo moja. Ngazi inayotosha: ujumbe wa faragha, kuondoa chapisho pamoja na sababu, kunyamazishwa siku 3, siku 30, kutolewa. Rufaa isikilizwe na msimamizi ambaye hakutoa adhabu, na kumbukumbu ya maamuzi iwe wazi kwa wanachama, bila majina.

Machapisho mawili ya kwanza ya mgeni yapitiwe kabla ya kutoka. Matangazo mengi ya kitapeli hunaswa hapo. Mjadala ukiwaka, kabla ya kuufunga weka mwendo wa pole: jibu moja kwa kila mtu kila nusu saa.

Kufungua

Wiki mbili kabla ya uzinduzi, ingiza wakazi 20 wenye hamu na uwape kazi ya kuandika: ratiba ya taka, namba za dharura, fundi wanayemwamini, kitu wanachotoa bure. Siku mlango unapofunguliwa kuwe na machapisho yasiyopungua 15, ya watu halisi. Akaunti za bandia hugundulika upesi mahali ambapo watu huulizana "huyu anakaa nyumba ipi?"

Idadi ya waliojisajili haikuambii chochote. Inapanda hata jukwaa likiwa limekufa. Fuatilia mambo mawili kila wiki: watu tofauti walioandika, na sehemu ya maombi yaliyojibiwa ndani ya saa 24. Ombi lisilojibiwa humfunza mwombaji na kila aliyeliona kwamba hapa hakuna msaada, kwa hiyo wape wasimamizi orodha ya maombi yaliyopita saa 12 bila jibu, wamtafute jirani anayejua na kumtaja kwa jina.

Eneo la pili lisifunguliwe hadi la kwanza lipite wiki 8 likiwa na waandishi tofauti 25 kwa wiki na maombi saba kati ya kumi yakijibiwa kwa wakati. Likifika hapo, lifungue eneo linalopakana nalo: wakazi wa ukanda wa mpakani, wale waliokuwa wakisoma pande zote mbili, ndio watakaokuwa 20 wako wa kwanza.