Somo: Namna ya kukagua nyumba ya bei nafuu Pugu na Chanika kabla ya kulipa

Mtu wa kipato cha kawaida anayetafuta nyumba Dar es Salaam huanza na Tabata au Kimara, na akishatajiwa bei hukata tamaa. Ni wachache wanaofikiria kuvuka Gongo la Mboto, kwa kuwa Pugu kwao ni mnada wa ng'ombe na dampo tu. Naona wanakosea; ila anayekimbilia huko kwa sababu ya bei peke yake naye anakosea, kwani gharama nyingine hujitokeza akishahamia.

Hatua ya kwanza ni kusafiri kama mkazi. Usiende Jumapili ndani ya gari la dalali, bali toka kwenye nyumba hiyo Jumatatu alfajiri, upande bodaboda hadi kituoni na daladala hadi kazini, kisha uzidishe nauli na muda huo kwa siku zako zote za kazi za mwezi. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 ina kituo Pugu, lakini ni ya safari za mikoani, hivyo usikubali itumike kukupandishia bei.

Hatua ya pili ni maji, ya mvua na ya bomba. Eneo hili ni la vilima na mabonde, na ndiko Mto Msimbazi unakoanzia, kwa hiyo ni vyema ukague wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Chanika nilionyeshwa nyumba ya vyumba vitatu iliyopakwa rangi upya. Nyuma ya choo, ambako brashi ya fundi haikufika, palikuwa na mstari wa tope lililokauka, usawa wa goti langu. Nilimshukuru mwenye nyumba nikaondoka. Aidha, nawa mikono kwa sabuni papo hapo: isipotoa povu, huenda ni maji ya kisima yenye chumvi, na utakuwa mteja wa kudumu wa maboza.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka, ni umiliki. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa si hati miliki. Kama kiwanja kimepimwa, chukua namba yake ukafanye upekuzi ofisi ya ardhi, ujue mmiliki ni nani na kama kuna mkopo wa benki juu yake. Kisha linganisha bikoni zilizopo, yaani alama za mipaka ya kiwanja, na ramani ya upimaji. Muuzaji akiwa na ndoa, ridhaa ya mwenza wake iwe ya maandishi, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inailinda nyumba ya familia isiuzwe na mmoja bila mwenzake.

Baada ya hapo ndipo mzungumzie bei, na mkataba uandikwe na wakili uliyemtafuta mwenyewe.

Maswali ya wanachama

Swali: Kiwanja hakijapimwa, lakini bei ni nusu. Ninunue?

Jibu: Uliza kwanza kama mtaa umo kwenye mpango wa urasimishaji, yaani wa kupima na kutambua rasmi makazi yaliyojengwa bila kupimwa, kisha uone mchoro wa mipango miji, maana kiwanja kinaweza kuwa kimeangukia kwenye hifadhi ya barabara, na alama nyekundu ya X ya kubomolewa haiulizi ulinunua kwa shilingi ngapi.

Swali: Dalali anadai hela ya kuonyesha nyumba kila tunapotoka. Ni sahihi?

Jibu: Ni mazoea ya mjini. Mkubaliane kiasi kabla ya kutoka, na ujira mkubwa aupate mauziano yakikamilika.

Swali: Mume wangu anasema majirani hawana umuhimu katika ukaguzi huu.

Jibu: Mwambie, dada yangu, mkakae kwenye genge la jirani nusu saa tu. Nilipouliza kuhusu ile nyumba ya Chanika, muuza nyanya ndiye aliyenitajia wapangaji wawili waliohama usiku wa mvua.