Kuoanisha ovadraivu na toki konvata kwa mwendo wa barabara kuu

Kabla ya kufunga giaboksi yenye ovadraivu (gia ya juu inayopunguza mizunguko ya injini), kokotoa kwanza injini itazunguka mara ngapi kwa dakika katika mwendo unaoukusudia, ndipo uchague toki konvata, kifaa cha majimaji kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi ya otomatiki. Gari lenye difu ya uwiano wa 3.73, ovadraivu ya uwiano wa 0.70 kama ile ya 700R4, giaboksi ya otomatiki ya General Motors, na tairi za kipenyo cha sentimita 66, likienda kilomita 100 kwa saa, injini yake huzunguka takriban mara 2,100. Ukiliwekea konvata iliyoundwa kushika (yaani kuanza kupitisha nguvu barabara) kwenye mizunguko 2,800, utasafiri chini ya kiwango hicho muda wote. Konvata itateleza zaidi, mafuta ya giaboksi yatapata joto, na petroli uliyotaka kuiokoa itapotelea humo.

Konvata yenye klachi ya ndani huondoa mtelezo huo, mradi klachi ifunge kweli. Ili kuthibitisha, kanyaga mafuta kidogo tu mwendo ukiwa umetulia: mshale wa mizunguko ukiruka ilhali mwendo haujaongezeka, haijafunga. Bila klachi hiyo, naona ni heri konvata inayoshika kwenye mizunguko midogo, hata kama gari litaondoka kwa uzito, pamoja na kipoza mafuta cha ziada.