Ukikamatwa Texas kwa kuendesha umelewa: siku 15 za kwanza na wakili wa kumtafuta

Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa jaketi, imekunjwa mara nne pamoja na risiti ya nyama choma. Kijana alinipa siku ya kumi na tisa tangu akamatwe, tumekaa jikoni kwangu hapa Dallas, yeye akidhani ni stakabadhi tu ya polisi. Nilipoisoma nilinyamaza. Ilikuwa notisi ya kusimamishwa leseni, na ilimpa siku 15 za kuomba asikilizwe. Kijana huyu ni dereva wa lori.

Siku aliyokamatwa tulifanya tunachokijua. Kundi la WhatsApp likachangamka, watu wakatuma pesa, na kufikia jioni dhamana ilikuwa imelipwa. Tukashusha pumzi. Habari ya wakili hakuna aliyeiuliza, maana kwetu mtu akishatoka ndani huona mambo yamekwisha, iliyobaki ni kwenda kukiri mbele ya hakimu, kulipa faini na kurudi kazini. Tulichanga kwa moyo mmoja, ila tulichangia mahali pasipotosha.

Texas kosa la kuendesha umelewa huitwa DWI. Majimbo mengine husema DUI, na kila jimbo lina sheria zake, kwa hiyo ninayosema hapa ni ya Texas. Kiwango ni asilimia 0.08 ya pombe kwenye damu. Hata ukiwa chini ya hapo unaweza kushtakiwa, iwapo itadaiwa kwamba pombe, dawa au kitu kingine kimekuondolea uwezo wako wa kawaida wa mwili au akili. Tena neno “kuendesha” ni pana kuliko tunavyodhani: watu wameshtakiwa wakiwa wamelala kwenye kiti cha dereva, injini inanguruma kwa ajili ya kiyoyozi. Mara ya kwanza huhesabiwa kosa dogo, jela saa 72 hadi siku 180 na faini isiyozidi dola 2,000. Kipimo kikifika 0.15 linapanda hadi mwaka mmoja na dola 4,000. Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 15 garini, hata kama hujawahi kukamatwa maishani, hilo ni kosa kubwa, feloni. Mara ya tatu nayo ni feloni, miaka 2 hadi 10, na Texas haisahau: kosa la miaka ishirini iliyopita linahesabiwa sawa na la mwaka jana. Juu ya faini ya mahakama, anayepatikana na hatia mara ya kwanza hudaiwa na jimbo dola 3,000 nyingine, au 6,000 ikiwa kipimo kilikuwa 0.15 au zaidi. Hizo ndizo humkuta mtu hajajiandaa.

Nyumbani tumezoea kumbembeleza askari. “Afande, nimekunywa mbili tu, nyumbani ni hapo mbele.” Kwa Marekani, sentensi hiyo ni ungamo, na kamera iliyo kifuani mwa polisi imeshainasa. Toa leseni na bima, taja jina lako, weka mikono panapoonekana. Ukiulizwa umetoka wapi na umekunywa nini, jibu kwa upole kwamba utazungumza ukiwa na wakili. Atakutaka ushuke utembee hatua tisa juu ya mstari, kisigino kikigusa vidole, au usimame kwa mguu mmoja ukihesabu kwa sauti. Maelekezo huja kwa Kiingereza cha haraka, na ukianza kabla hajamaliza kueleza, hiyo peke yake inaandikwa kama dalili. Majaribio hayo ya barabarani sheria haikulazimishi kuyafanya, ingawa kukataa kwako kunaweza kutajwa mahakamani. Na jambo moja nalisema bila kupindisha: usithubutu kutaja “chai”. Kumpa au kumuahidi hongo mtumishi wa umma Texas ni feloni ya miaka 2 hadi 20, kubwa kuliko hilo la pombe lililokufanya usimamishwe.

Kupuliza kipimo ni jambo la peke yake. Ukikataa, leseni husimamishwa siku 180; ukipuliza ukafikisha 0.08, siku 90, kwa aliye mara ya kwanza. Na ukikataa polisi anaweza kumwamsha hakimu, akapata kibali, ukatolewa damu utake usitake. Wakati wa sikukuu kubwa mahakimu huwekwa zamu kwa kazi hiyo hiyo.

Ukishatoka, elewa kwamba una kesi mbili, na kama huna uraia, tatu.

Ya kwanza ni ya jinai, mahakamani, na hii huenda polepole, pengine miezi kadhaa. Ya pili ni ya leseni, haimo mahakamani humo wala haingoji hukumu. Hii ndiyo ya siku 15, zinazohesabiwa tangu ulipokabidhiwa notisi. Ukiomba kusikilizwa ndani ya muda, unaendelea kuendesha hadi uamuzi utoke, na wakili wako anaweza kumwita polisi aliyekukamata amhoji akiwa amekula kiapo, jambo linalomsaidia sana kwenye ile kesi ya jinai. Usipoomba, leseni inasimama yenyewe siku ya 40. Ikiwa ulitolewa damu, notisi huweza kuja kwa posta baadaye, kwa hiyo wewe uliyehama kwa rafiki bila kubadilisha anwani ya leseni, nenda kabadilishe.

Kwa dereva wa lori mambo ni mazito zaidi. Kiwango ukiwa kazini ni 0.04. Na hata ukikamatwa Jumapili kwenye gari lako dogo, leseni ya biashara, yaani CDL, ile ya kuendeshea lori, inaweza kufungiwa mwaka mmoja; mara ya pili ni maisha. Kibali maalumu cha mahakama cha kwenda kazini hakigusi lori. Kijana wetu tulimpatia wakili siku ya ishirini, na kwa upande wa jinai alimpigania vizuri, lakini ile ya leseni ilikuwa imeshampita. Lori lilikaa, na ada za shule za wadogo zake kule nyumbani zikakaa nalo.

Kesi ya tatu ni ya uhamiaji. DWI moja ya kawaida, isiyo na majeruhi wala dawa za kulevya, kwa kawaida haimfukuzi nchini mwenye kadi ya kijani. Mahakama ya Juu ya Marekani iligusia hili mwaka 2004 katika kesi ya Leocal, mtu wa Haiti. Ila mwenye viza ya masomo au ya kazi, ubalozi unaweza kuifuta kwa sababu ya kukamatwa tu, kabla ya hukumu. Anaendelea kuishi hapa, lakini akienda msibani nyumbani, kurudi ni kuomba upya. Anayeomba uraia ataulizwa kama amewahi kukamatwa, na jibu ni ukweli. Asiye na karatasi kabisa azungumze na wakili wa uhamiaji kabla hata dhamana haijalipwa, kwa kuwa alama za vidole zilizochukuliwa jela zinafika serikali kuu, na akitoka mlango mmoja anaweza kupokelewa na maafisa wa uhamiaji mlango wa pili. Na kilichomo garini nacho kina uzito wake: bangi iliyonunuliwa kihalali Colorado, au kifurushi cha mirungi, huweza kumdhuru mhamiaji kuliko chupa zote alizokunywa.

Mtego ninaouogopa zaidi umejificha kwenye lugha tamu. Utaambiwa: kiri kosa, hukumu itaahirishwa, ukimaliza kipindi cha uangalizi kesi inafutwa. Texas inaruhusu hivyo kwa DWI ya kwanza iliyo chini ya 0.15, isipokuwa kwa mwenye leseni ya biashara. Lakini machoni mwa uhamiaji, ukishakiri na hakimu akakuwekea masharti, hiyo ni hatia, hata kama jimbo limefuta. Tangu Mahakama hiyo ya Juu iamue kesi ya Padilla mwaka 2010, wakili wako wa jinai ana wajibu wa kukueleza madhara ya uhamiaji kabla hujakiri. Kwa hiyo swali la kwanza ofisini kwake ni hilo. Akikujibu “usijali, hiyo si kazi yangu,” simama uondoke.

Muulize pia: ni yeye atakayesimama nami, au atamtuma mwingine? Ada inajumuisha shauri la leseni? Ikifika kusikilizwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama, yaani jury, naongeza kiasi gani? Yote yaandikwe kwenye mkataba. Jina lake litafute kwenye tovuti ya State Bar of Texas, chama cha mawakili wa jimbo, uone kama leseni yake ni hai na kama amewahi kuadhibiwa. Anayekuahidi ushindi muogope, na anayesema “nilipe ukishinda” anavunja kanuni, kwani ada ya namna hiyo imekatazwa kwenye jinai. Notari si wakili hapa, hata akiwa mtu wa kwenu. Ukiwa huna uwezo, mwambie hakimu siku ya kwanza: haki ya kupewa wakili ipo tangu 1963, na wengi wao ni mahodari. Omba na mkalimani, useme ni Kiswahili cha wapi; aliyekulia Bukavu na aliyekulia Tanga hawasikilizani kila neno.

Simu za jela hurekodiwa, na Kiswahili hakikufichi. Sema uko wapi, basi. Andika namba ya wakili na ya ndugu mmoja wa hapa kwenye karatasi, nawe uzikariri, maana simu yako watachukua. Kijana wetu usiku ule alikuwa na namba moja tu kichwani, ya mama yake Tabora, na simu ya jela haikufika huko. Hatukujua aliko hadi mwenzake wa chumba alipomkosa asubuhi, akaanza kupiga jela moja baada ya nyingine.