Jinsi ya kucheza Candy Crush Saga bila kutoa hata shilingi

Niko levo ya elfu mbili mia tisa na kitu, na tangu nianze mwaka 2018 sijawahi kulipia chochote ndani ya mchezo huu wa simu, ambao unapanga pipi tatu za rangi moja zivunjike, na kila levo inakupa misogeo michache ya kutimiza lengo lake. Nacheza kwenye daladala asubuhi, mchana nikishakula, na usiku kabla ya kulala. Wenzangu kazini huniuliza nimewezaje, maana wao wakifika levo ngumu hukwama, huvumilia siku mbili, siku ya tatu wananunua. Basi naandika hapa ninavyofanya, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Kwanza ielewe biashara yenyewe. Mchezo huu ulitengenezwa na kampuni ya King, iliyoanzia Sweden. Ulitoka Facebook mwezi Aprili 2012, ukaingia kwenye simu mwishoni mwa mwaka uleule. Kuupakua ni bure, na hakuna levo iliyofungwa kwa ajili ya wenye pesa. Mwaka 2014, kampuni hiyo ilipoingia soko la hisa la New York, hesabu zake zilionyesha kwamba katika kila wachezaji 100 wa michezo yake, waliokuwa wakilipa ni kama 4 tu. Kwa hiyo wewe usiyelipa si mdandiaji. Ndiyo hali ya kawaida ya mchezo.

Hao wachache hulipa lini? Kwa niliyoyaona kwa watu wa karibu yangu, karibu kila mara ni pale walipobakiza kidogo tu. Jeli (ule utando chini ya pipi unaotakiwa kuusafisha) imebaki moja, misogeo imekwisha, na kitufe kikubwa kinang'aa katikati ya kioo. Karibu kila ninachoeleza hapa chini kinalenga kukufanya usifike hapo mara nyingi, na ukifika, upite mfuko ukiwa umefungwa.

Hatua ya 1: Funga njia ya pesa kabla hujaanza

Hili lifanye leo, kabla ya mambo ya pipi. Kwenye Android fungua Play Store, bonyeza picha yako juu kulia, ingia Mipangilio, tafuta sehemu ya uthibitishaji wa ununuzi, uchague nenosiri au alama ya kidole iombwe kwa kila ununuzi. Kwenye iPhone unaweza kuzuia kabisa ununuzi wa ndani ya programu kupitia sehemu ya mipangilio iitwayo Screen Time. Angalia pia njia za malipo ulizounganisha na akaunti yako. Kama kuna kadi, au malipo yanakatwa kwenye salio la simu, na huna unachokinunua huko, iondoe.

Nalisisitiza kwa sababu lilinikuta. Mpwa wangu wa miaka sita aliomba simu acheze mchezo mwingine wa watoto. Niliporudishiwa simu, salio nililoweka jioni ile halikuwepo. Mtoto hakukosea, maana aliona kitufe cha kijani akabonyeza. Simu ndiyo ilikuwa wazi.

Ikitokea umenunua kwa bahati mbaya kupitia Google Play, omba kurejeshewa ndani ya saa 48. Zikishapita inakuwa kazi ngumu zaidi.

Hatua ya 2: Ipangie mioyo ratiba

Una mioyo 5, yaani nafasi za kujaribu. Ukishindwa levo moyo mmoja unaondoka, na mpya hurudi baada ya dakika 30. Mioyo yote mitano hujaa kwa saa mbili na nusu. Ikishafika 5 kuhesabu kunasimama, hakuna wa sita unaojilimbikiza. Ukicheza mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na usiku, una majaribio 15 ya uhakika bila kulipia moyo hata mmoja. Levo inayohitaji majaribio 20, na zipo, unaimaliza kwa siku mbili. Anayekaa na simu tangu saa moja jioni hadi saa tano usiku akitaka kuimaliza leoleo ndiye anayeishia dukani.

Kuna wanaochezea saa ya simu: wanaisogeza mbele, mioyo inajaa, wanairudisha. Mimi sifanyi hivyo na sikushauri. Tarehe ikiwa si sahihi WhatsApp inakataa kufunguka, kengele zako zinavurugika, na ukirudisha saa unaweza kukuta unasubiri moyo muda mrefu kuliko mwanzo.

Njia safi ni hii. Ukifungua levo, ukalitazama ubao, ukaona mpangilio wake mbaya, toka kabla hujasogeza pipi hata moja. Moyo haupotei. Fungua tena, pipi zitakuwa zimepangwa upya. Kwenye levo ngumu mimi hufanya hivyo hata mara sita, hadi nione nafasi ya kutengeneza pipi maalumu (zile zinazofagia au kulipua nyingine, nazieleza Hatua ya 5) katika misogeo miwili au mitatu ya kwanza.

Hatua ya 3: Soma ubao kabla ya kugusa

Wengi hupoteza hapa. Pipi zikitulia sekunde chache, mchezo wenyewe hutikisa tatu kukuonyesha pa kusogeza. Usiufuate. Unakuonyesha kwamba nafasi ipo, haukuambii kwamba ni nzuri. Na karibu levo zote zinahesabu misogeo, si sekunde. Hata mabomu yenye namba hupungua kwa kila msogeo wako, hayapungui ukiwa umekaa unafikiri. Basi fikiri. Weka simu mezani kama watu wanavyofanya kwenye bao kabla ya kuinua kete.

Ninaangalia mambo matatu, kwa utaratibu huu.

Rangi ziko ngapi? Mchezo una rangi sita, lakini levo nyingine hutumia tano au nne. Zikiwa nne, pipi maalumu zitakuja zenyewe kwa wingi, kwa hiyo subiri uziunganishe. Zikiwa sita, kila pipi maalumu ni mali, usiilipue ovyo.

Vizuizi viko wapi? Chokoleti ndiyo ya kwanza kuitazama. Ukisogeza bila kuvunja chokoleti hata moja, inameza pipi ya jirani na kuongezeka. Ukivunja angalau moja katika msogeo huo, haiongezeki. Kwa hiyo levo yenye chokoleti chache mwanzoni, zimalize zote kwanza, uwe huru kwa muda wote uliobaki. Kuziacha "nitarudi baadaye" ni kukopa kwa riba.

Kona ziko wapi? Hili ndilo lililonibadilisha kabisa. Kwenye levo za jeli, watu huanza katikati kwa sababu ndiko pipi zinakopangika kirahisi. Misogeo ikibaki mitatu, jeli iliyobaki iko kona ya mwisho ambako huwezi kupanga tatu upande wowote. Hapo ndipo unapouziwa misogeo mitano. Anza na kona na vile vijisehemu vilivyojitenga pembeni. Katikati patasafishika penyewe pipi zinapoporomoka.

Hatua ya 4: Cheza kuanzia chini, isipokuwa…

Ukipanga tatu chini ya ubao, kila kilicho juu yake kinashuka, na katika kushuka huko pipi nyingine hujipanga zenyewe bila kukugharimu msogeo. Ukipanga juu, kinachotikisika ni kidogo. Kwa hiyo kawaida cheza chini.

Lakini ukishaanza kutengeneza pipi maalumu chini, acha. Hamia juu. Kila unachovunja chini kitasogeza ulichokwisha kupanga. Nimeshuhudia watu wakiwa na pipi nne za rangi moja zilizobakiza msogeo mmoja, wakavunja kitu kingine chini yake, na mpango wote ukaanguka.

Hatua ya 5: Jifunze pipi maalumu, hasa kuziunganisha

Nne katika mstari zinakupa pipi ya mistari. Tano zenye umbo la L au T zinakupa ile iliyofungwa kwenye karatasi, ambayo hulipuka mara mbili. Tano katika mstari mmoja zinakupa bomu la rangi, lile duara la kahawia lenye vidonge vya rangirangi. Hayo wengi wanayajua.

Wasichokijua wengi ni kwamba mwelekeo wa mistari unafuata mwelekeo wa kidole chako. Ukikamilisha nne kwa kusogeza pipi kwenda juu au chini, mistari itasimama wima na itafagia safu ya wima. Ukikamilisha kwa kusogeza kushoto au kulia, itafagia safu ya mlalo. Kama unashusha cheri, yaani levo ya kufikisha matunda chini ya ubao, unataka wima. Tunda limekaa juu ya vizuizi vinne vya tabaka moja, pipi moja ya mistari ya wima katika safu yake inaondoa vyote na tunda linashuka. Pipi ya mlalo hapo ingekuwa hasara.

Sasa kuunganisha. Ya mistari na ya karatasi zikibadilishana nafasi, zinafagia safu tatu za mlalo na tatu za wima kwa pamoja. Bomu la rangi na pipi ya mistari: pipi zote za rangi ile zinageuka kuwa za mistari, kisha zinalipuka. Mabomu mawili ya rangi yanafagia ubao mzima. Kwenye levo ngumu mimi silengi kupanga tatutatu. Nalenga kuunganisha mara mbili au tatu katika misogeo yote niliyopewa, na misogeo mingine ni maandalizi ya hizo. Bomu la rangi likiwa peke yake, mara nyingi nalisubirisha hadi pipi ya mistari ifike karibu yake.

Nyota tatu za mwisho wa levo zisahau. Nyota moja inatosha kukupitisha.

Hatua ya 6: Kile kioo cha "umebakiza kidogo"

Umeshindwa. Mchezo unakupa misogeo 5 ya ziada kwa vipande vya dhahabu, na huvionyesha vile vitu ulivyobakiza: jeli moja, cheri moja. Inauma, naijua. Fanya hivi. Usibonyeze chochote. Tazama ubao ulioko nyuma, ujiulize swali moja tu: je, naona kwa macho yangu, sasa hivi, misogeo inayomaliza hii levo? Si "huenda ikatokea". Naiona?

Kama huioni, na mara nyingi hutaiona, tafuta alama ya X pembeni na ufunge. Ni ndogo kuliko kitufe kingine, lakini ipo. Kama unaiona kweli na una dhahabu uliyozawadiwa bure, itumie. Mimi nimefanya hivyo mara chache, na dhahabu ile haikunigharimu kitu. Kwa dhahabu ya kununua, sheria yangu haina "isipokuwa".

Na usijione mjinga ukikwama. Mwaka 2014 Toby Walsh, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta huko Australia, alithibitisha kihesabu kwamba kutatua mafumbo ya Candy Crush kwa ujumla wake ni katika aina ya matatizo ambayo hata kwa kompyuta hayajulikani kuwa na njia ya mkato. Pipi zinazoanguka kutoka juu nawe huzioni mapema. Levo nyingine ni ya kurudia tu hadi ubao ukubali.

Hatua ya 7: Zawadi, na yule nguruwe

Mchezo hutoa zawadi za bure za kuingia, na matukio ya muda yanayogawa visaidizi kama nyundo. Ingia uchukue hata siku ambayo huchezi. Visaidizi hivi usivimwage kwenye levo rahisi kwa sababu tu umechoka. Nyundo inafaa kwa ile jeli moja ya kona, siyo mwanzoni. Zawadi ya mioyo isiyokwisha kwa muda fulani, kama unaweza kuchagua wakati wa kuifungua, ifungue ukiwa umekaa na una nafasi, siyo kituoni dakika tano kabla ya kushuka.

Nguruwe wa akiba ni jambo jingine. Kila ukishinda anajazwa vipande vya dhahabu, na ukimtazama unahisi ni akiba yako. Kumvunja kunalipiwa kwa pesa halisi. Kwa hiyo dhahabu iliyo ndani yake ihesabu kuwa bado ni ya dukani. Mimi hupita kama simwoni.

Hatua ya 8: Bando nalo ni pesa

Wengi husema "silipi" huku megabaiti zinakwisha. Candy Crush inachezeka bila intaneti. Zima data ucheze. Ukipewa nafasi ya kutazama tangazo la video ili upate kisaidizi, itazame ukiwa kwenye Wi-Fi, kwa sababu video kadhaa kwa siku zinakula bando la kutosha. Kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, izuie pia isitumie data ikiwa nyuma ya pazia. Na arifa zake zizime, zile za "mioyo yako imejaa". Ratiba yako unaijua tayari.

Ila usikae wiki nyingi bila kuunganisha. Maendeleo yako huhifadhiwa nje ya simu pale tu ulipoingia kwa akaunti na mtandao ukiwepo. Mimi huunganisha kila Jumapili nikiwa kwa dada, kwenye Wi-Fi yake, nasubiri dakika moja nione namba ya levo imebaki ileile, ndipo nafunga. Ukibadilisha simu, fanya hivyo kwenye simu ya zamani kwanza, halafu ingia kwa akaunti hiyohiyo kwenye mpya kabla hujafuta chochote.